Kibastola cha mnyororo wa saa, na ukwaju ulioniharibia

Mkono wa Idd ukinifikia, nilikuwa naumalizia wote kwenye bastola za fataki, pale viwanja vya Mnazi Mmoja. Wenzangu zikivunjika wanazitupa. Mie nazitia kwenye kopo la maziwa. Kwa hiyo nilipokuwa mtu mzima nikaanza kukusanya vile vibastola vidogo vya chuma na shaba, hakuna aliyeshangaa nyumbani. Leo ninavyo kumi na vinne, na kila kimoja najua thamani yake. Lakini kile cha kwanza, kilicho kizuri kuliko vyote, nilikiharibu kwa mikono yangu kwa kumsikiliza mtu.

Kilikuwa Wete, ndani ya sanduku la bibi, pamoja na vifungo vya kanzu. Mnyororo wa saa ya mfukoni, saa yenyewe haipo, na mwishoni mwake umening'inia kibastola. Ukikilaza juu ya sarafu ya shilingi mia mbili, mdomo na mkia vinatokeza. Mtutu wake unakunjika kwa bawaba, mpini ni wa gamba la chaza, na juu kuna kijitundu cha kuingilia pini. Bibi akanambia, "Chukua mjukuu wangu, babu yako alikuwa akikivaa siku za harusi."

Kabla ya jambo lolote nilikwenda kwa sheha, kisha kituo cha polisi, nikawaeleza. Fanya hivyo kwanza. Na usikitie mfukoni ukapanda nacho boti. Kwenye mashine ya bandarini bastola ni bastola.

Sasa huyo mshauri. Ana duka la vitu vya kale Mji Mkongwe, na jina lake nitalihifadhi. Alikiangalia, akanitajia laki mbili, kisha akasema, "Lakini mwanangu, mgeni hanunui kitu kina weusi. Kakisugue ukwaju na majivu, kama bibi yako anavyosugua sinia lake, kisha uniletee."

Nikarowesha ukwaju kwenye kibakuli, nikachekecha jivu la kuni likawa laini kama poda, nikakata kipande cha kumbi la nazi. Dakika tano za mwanzo nilifurahi. Weusi unatoka, kinameta! Nikaongeza jivu, nikasugua kwenye kingo, nikasugua chini ya mpini. Nilipokisuuza nikaona pembe zote zimekuwa za njano. Neno AUSTRIA lililopigwa ubavuni, ambalo asubuhi lilisomeka bila miwani, limebaki AUSTR na mikwaruzo. Niliporudi nacho dukani, yule yule aliyenituma akanambia kimechubuka, atatoa elfu themanini. Sikumuuzia, na hasira ile sijaisahau.

Sinia la bibi ni shaba mpaka ndani. Ukiondoa tabaka la juu, chini kuna shaba nyengine. Kibastola hiki ni shaba iliyovishwa ngozi ya nikeli, nyembamba kuliko karatasi. Ukali wa ukwaju na mchanga ulio ndani ya jivu ukila ngozi ile, hairudi. Na watu wanalipia ngozi ile pamoja na maandishi yake. Neno la nchi si pambo. Marekani ilipitisha sheria ya ushuru mwaka 1890, na kuanzia 1891 bidhaa zinazoingia kwao zilitakiwa ziandikwe zilikotoka, ndiyo maana viwanda vingi vya Ulaya vikaanza kupiga majina ya nchi. Ukikuta maneno Occupied Japan, basi kitu ni cha miaka ile Marekani ilipoikalia Japani baada ya vita, na miaka hiyo ilikwisha 1952. Herufi mbili zikifutika, umri wa kitu unaufuta nao.

Binamu yangu alipoona picha alinipigia simu usiku: "Hiyo Kolibri! Umepata mamilioni!" Siyo. Kolibri ni bastola kamili iliyobuniwa na Franz Pfannl, fundi saa wa Austria, ikatoka 1914. Risasi zake ni za milimita 2.7, zinapangwa ndani ya mpini, na bastola zenyewe zilitengenezwa kama elfu moja tu. Changu ni cha milimita 2, kinachukua risasi moja moja, na kibiriti cha risasi kinawashwa kwa pini inayotokeza ubavuni mwake, mtindo ulioanza kwa fundi bunduki Lefaucheux kule Ufaransa miaka ya 1830. Usimuamini mtu anayetaja jina kubwa kabla hajahesabu vitundu.

Hila yangu ninayoipenda ni ya uzi. Sumaku nilitoa kwenye spika mbovu. Watu wanaibandika kwenye kitu, isiposhika wanasema shaba, basi. Mie nakining'iniza kibastola kwa uzi wa kushonea, nafunga madirisha upepo usiingie, nangoja kitulie kabisa, ndipo nasogeza sumaku taratibu. Cha chuma kinaruka. Cha shaba tupu hakina habari. Cha shaba iliyovishwa nikeli kinageuka kivivu, kama mtu aliyeitwa usingizini, kwa sababu nikeli nayo huvutwa na sumaku ila ngozi yake ni nyembamba. Kwa njia hii nilikitambua kimoja cha Darajani, kilichokuwa kwenye rundo la vipuri vya cherehani, nikakichukua kwa elfu kumi na tano hivi.

Mpini ushikishe mdomoni: gamba la chaza linabaki baridi, plastiki inapata joto upesi. Kuna anayeshauri sindano ya moto. Itakuachia tundu, na tundu lina bei yake.

Kuhusu bei, usitazame anayoitaka muuzaji. Tazama minada ya Ulaya ilivyouzia kweli. Nilikaa kama miezi miwili naandika kwenye daftari, na nilichokiona ni kwamba kisanduku chake cha asili kikiwepo, bei inapanda hata mara mbili. Hewa yetu ya chumvi ni adui, kwa hiyo navihifadhi kwenye chupa ya kioo na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba, na kitambaa kikavu. Hapo nimemaliza.

Mwezi uliopita yule mwenye duka alimtuma kijana kwangu na kibastola, nikitie bei. Cheusi tii, maandishi yote yamo. Nilikivingirisha kwenye kitambaa cha pamba na weusi wake, nikamwambia kijana akirudishe vivyo hivyo, asikitie hata maji. Kwenye karatasi niliandika laki tatu na nusu.