Jana tulipanda Bugando

Tumsifu Yesu Kristu wapendwa. Jana jumuiya yetu ilienda Bugando hapa Mwanza kuwaona wagonjwa na bado nina mambo moyoni. Ile ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa nzima, watu wanatoka Ukerewe, Geita, Kagera huko, mtu analazwa wiki na wiki hana ndugu hata mmoja hapa mjini na anayemuuguza ameishiwa mpaka nauli ya meli. Tulibeba sabuni, unga, pampasi, na kina mama wa soko la samaki la Mwaloni wakatoa dagaa wa kukaanga, Mungu awabariki sana.

Kuna bibi mmoja wa Ukerewe nikamsalimia kwa Kikerewe changu kidogo jamani alinishika mkono hakuniachia, hakuomba kitu, alitaka tu mtu wa kuongea nae, nikakaa mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Vijana nasema na nyie hasa wa SAUT, chuo kikuu chetu cha Mt. Augustino, Frédéric Ozanam alianzisha na wenzake chama cha Mt. Vinsenti cha kusaidia maskini kule Paris 1833 akiwa na miaka 20, mwanachuo tu kama nyie. Jumamosi ijayo tunaenda tena, njoo hata na mche mmoja wa sabuni.