Lori Lililokwama Somanga

Lori la msaada lilikwama Somanga, upande wa Dar es Salaam, nasi tulikuwa Mtwara tukilisubiri. Ilikuwa Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimeshaisha nguvu, lakini mvua zake ziliikata barabara ya Kusini sehemu kadhaa mkoani Lindi. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, Innocent Bashungwa, alikuwa amepiga kambi huko huko na watu wa TANROADS, wakala wa barabara wa serikali. Mkurugenzi wetu akapanda ndege, akatua Mtwara na begi dogo na bango refu lenye jina la kampuni.

"Lori liko wapi?"

"Somanga, bosi. Linatazama maji."

Hapo mama wa stoo akashika usukani, ingawa kwenye karatasi za ofisi yeye ni wa chini kuliko sote. Alimpigia mwenyekiti wa kijiji tulichokuwa tunakwenda, wilayani Kilwa, akamuuliza wamepungukiwa nini. Unga walikuwa wameshaletewa. Walitaka ndoo zenye mifuniko, dawa ya maji kwa kuwa visima vimejaa tope, vyandarua, sufuria. "Na majembe, mama. Yetu yamekwenda na maji." Jioni ile tuliyazunguka maduka ya Mtwara mpaka yakafungwa.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri na kenta mbili. Mikindani tuliipita gizani, Mnazi Mmoja tukanywa chai. Kupita Mchinga, dereva akaacha kupiga soga. Lami ilikuwa imeguguniwa kingo, mikorosho imelala, na ufuta uliokaribia kuvunwa umesimama kwenye maji, mweusi. Ufuta ndio fedha ya huku. Ukioza, ada ya mtoto na deni la dukani vyote vinabaki hewani. Bosi alikuwa akihesabu nyumba zilizobomoka. Mashamba hakuyaona mpaka dereva alipomwonyesha.

Kalavati la mwisho halikuwepo, tukashusha mizigo na kutembea. Bosi alibeba ndoo za kwanza kwa mbwembwe, za pili akaanza kutafuta kivuli. Kijana mmoja akamwambia, "Shikamoo mzee. Vua viatu, utelezi huu haujui mkubwa." Akavua.

Mimi ni mhasibu, kazi yangu ilikuwa orodha. Nilidhani nimeimaliza tangu Mtwara: kaya moja, ndoo mbili, jembe moja, sahihi au dole gumba. Jina la tano tu, bibi mmoja akanisimamisha.

"Mwanangu, hapo umemwandika mume wangu, na vitu vinakwenda kwa mke mwenzangu. Mimi nakaa ng'ambo ya mto. Ndoo za nyumba moja zitachota maji ya nyumba mbili?"

Nikamtazama mwenyekiti, naye akatazama chini. Mama wa stoo akaichukua kalamu mkononi mwangu. "Tusihesabu waume. Tuhesabu mafiga." Tukaanza upya, jiko kwa jiko, wajane na wake wa pili wakiingia kwenye daftari kwa majina yao. Kazi ya saa moja ikafika alasiri. Majembe hayakutosha, na ilibidi bosi mwenyewe asimame aseme hivyo mbele ya watu.

Yule bibi alikaa karibu yangu akisubiri zamu. Mama yake, alisema, alimhadithia kimbunga kilichoipiga Lindi mwaka 1952. "Cha zamani hicho hakikupambwa jina. Hiki wamekiita Hidaya! Zawadi gani inayoingia ndani bila hodi?" Akacheka peke yake, sisi tukishindwa kujua kama tunaruhusiwa kucheka.

Picha ya bango tulipiga, nisifiche. Bosi matope magotini, bango limepinda. Iliniudhi kidogo, lakini najua pia kwamba makao makuu bila picha fungu linalofuata halitoki.

Lori lilifika Mtwara siku kadhaa baadaye, limejaa biskuti, maji ya chupa na magodoro. Bosi alikuwa amesharudi Dar. Akapiga simu akitaka yapelekwe kijijini siku hiyo hiyo. Mama wa stoo akamwambia asubiri kidogo kwenye laini, akampigia mwenyekiti kwa simu yake nyingine.

"Maji waachieni wengine," sauti ikatoka. "Magodoro leteni. Halafu mama, mbegu ya ufuta, kwenu huko haipatikani?"