Leo tumeziona kwa macho yetu

Tumetafuta mtoto muda mrefu, na ukweni lawama zote zilikuwa zangu. Leo mume wangu mwenyewe kasema, "Twende tukapimwe wote wawili."

Mtaalamu wa maabara akatuita kwenye hadubini.
Mbegu za mume wangu tele! Mikia inachapa, nyingine zinazunguka palepale.

Akatueleza kwamba kuogelea tu hakutoshi. Kichwani mwa mbegu kuna protini, Izumo1, iliyogunduliwa Japani mwaka 2005. Sharti ishikane na protini nyingine, Juno, iliyo juu ya yai. Panya dume wasio na Izumo1, mbegu zao zinaogelea vizuri, zinalifikia yai, ila haziungani nalo.

Mume wangu hakubandua jicho. Akanishika mkono, mbele za watu.

Mliopimwa wote wawili, mazungumzo mliyaanzaje nyumbani?