Tarehe 20 Desemba, reli ilipofika Kisumu

Watu wa Kisumu, siku hii isitupite hivihivi. Ijumaa ya tarehe 20 Desemba 1901, reli iliyoanzia Mombasa 1896 ilifika ukingoni mwa ziwa. Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandazaji wa reli, ndiye aliyegonga msumari wa mwisho. Mji ukaitwa Port Florence kwa muda.

Mnaoandika kuhusu siku hii, tafadhali angalieni mambo mawili. Msiseme kazi ilikamilika siku hiyo. Reli ilifika, ndiyo, lakini kwa njia za muda. Kwenye mteremko wa Mau kuna mabonde makali, na kati ya Mau Summit na Fort Ternan yalihitajika madaraja 27 marefu ya chuma. Mafundi walipitisha reli kwa kuzunguka mabonde ili wafike ziwani haraka, na kazi ya kudumu ikaendelea hadi 1903.

La pili linanigusa zaidi. Watu huuliza mbona iliitwa Reli ya Uganda ilhali yote iko Kenya. Siku ule msumari unagongwa, Kisumu ilikuwa Uganda! Mkoa wa Mashariki wa Uganda, tangu Naivasha hadi huku kwetu, ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki (Kenya ya leo) tarehe 1 Aprili 1902, zaidi ya miezi mitatu baadaye. Tarehe hiyo nayo iwekeni kwenye kalenda, maana karibu hakuna anayeikumbuka.