Kumbukumbu ya mradi wangu: mshipi kwanza, ufito baadaye, rili mwisho

Mradi huu una lengo moja, nalo ni kukamilisha zana za kuvulia samaki aina ya trauti kwa nzi wa bandia katika mito midogo na ya wastani, huku kila kifaa kikichaguliwa kwa sababu ninayoweza kuieleza. Hadi sasa mshipi umeshachaguliwa, ufito umeshapatikana, na rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, nimeifunga na kuijaza juma hili. Utaratibu wa kuanza na mshipi na kumalizia na rili niliufuata kwa makusudi.

Katika uvuvi wa kawaida wa ufito, chambo au kipande cha risasi ndicho kinachouvuta mshipi kwenda mbele. Nzi wa bandia ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana ndogo, naye hana uzito wa kuvuta chochote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ulio mnene na mzito, na nzi huufuata tu. Kwa hiyo namba iliyoandikwa juu ya kishikio cha ufito haielezi ukubwa wa samaki, bali hutaja mshipi ambao ufito huo umetengenezwa kuubeba. Namba hizo hutokana na uzito wa futi 30 za mwanzo za mshipi, ambazo ni kama mita 9.1: mshipi namba 4 una takriban gramu 7.8, namba 5 una gramu 9.1, na namba 8, unaofaa kwa samaki wakubwa na kwa upepo wa baharini, una gramu 13.6. Siku hizi mishipi mingi hutengenezwa ikiwa mizito kuliko namba zake, ndiyo maana nilisoma gramu zilizoandikwa kwenye kasha kabla ya kuiamini namba.

Wengi humshauri anayeanza achukue namba 5, kwa kuwa inafaa mtoni na ziwani, na ushauri huo ni mzuri. Mimi nilichagua namba 4, kwa sababu katika mto mdogo samaki huwa karibu, maji huwa ya kina kifupi, na mshipi mwepesi hutua bila kuwashtua. Nilichukua unaoelea, uzito wake ukiwa umekusanywa upande wa mbele.

Ufito ndio ulionichukua muda mrefu zaidi. Fito za mwanzi uliopasuliwa na kugundishwa upya kwa vipande sita bado zinatengenezwa, na za nyuzi za kioo zina watu wanaozipenda kwa ulaini wake, lakini fito za nyuzi za kaboni ni nyepesi, nami niliamua kubaki kwenye hizo. Swali lililobaki lilikuwa ni wapi ufito unapinda. Nilijaribu fito mbili za namba 4 kwenye nyasi, nikiwa nimefunga kishada cha sufu mahali pa ndoana. Ule mgumu, unaopinda karibu na ncha pekee, uliurusha mshipi kwa kasi nzuri nilipotoa mita 12 hivi. Nilipoupunguza hadi mita 6 haukuonyesha dalili ya kubeba kitu, na ilinilazimu kutumia nguvu ya mkono. Ule unaopinda hadi katikati uliubeba mshipi huo mfupi vizuri, na kishada kikatua kabla mshipi haujalala wote. Kwa kuwa mita 6 ndiyo kazi halisi ya mto mdogo, niliuchukua huo wa pili, wenye urefu wa futi 8 na inchi 6, ambao unapita chini ya matawi kwa urahisi kuliko ule wa futi 9 unaopatikana kila mahali.

Kuhusu rili sikuhitaji mengi. Kwa trauti wa kawaida kazi yake kubwa ni kuhifadhi mshipi, kwa hiyo breki yenye nguvu nyingi ingekuwa uzito wa bure. Nilichokagua kwa makini ni jinsi breki inavyoachia: nilipitisha mshipi kwenye pete zote za ufito, nikauvuta taratibu, nikaangalia kama ncha inainama na mshipi unaanza kutoka bila kushtuka. Breki inayong'ang'ania kisha ikaachia ghafla hukata uzi mwembamba wakati samaki anapokimbia. Nilichagua pia rili yenye kitovu kipana, kwa sababu mshipi hautoki umejikunja sana, na kila mzunguko hurudisha urefu mkubwa zaidi. Mpini niliuhamishia kushoto ili mkono wa kulia ubaki kwenye ufito. Baada ya kuweka uzi wa akiba, yaani uzi mwembamba unaokaa chini ya mshipi kwenye rili, na mshipi wenyewe, nikiacha nafasi ya milimita 5 hivi hadi ukingo, ufito ulitulia mlalo juu ya kidole kimoja nilichokiweka kwenye mwanzo wa kishikio.

Kazi iliyobaki ni uzi wa mwisho unaounganisha mshipi na nzi. Nitaanza na wa futi 9 unaopungua unene hadi milimita 0.15 kwenye ncha, na kwa nzi wakubwa zaidi nitajaribu wa milimita 0.18, kwa kuwa ule mwembamba hushindwa kuwanyoosha mbele.