Kompyuta mpya inawaka kidogo halafu inazima? Usikubali haraka kwamba madabodi imeungua

Fundi akikwambia madabodi, ile bodi kubwa inayobeba vipande vyote vya kompyuta, imeungua na hata hajaitoa kwenye keesi akaitazama nyuma, usimpe pesa. Nasema hivi manake hapa kwetu Uganda hilo neno limeshakula pesa za vijana wengi, mtu anajinyima, ananunua kipande kimoja kimoja, kingine mjini Kampala, kingine anabebewa na mtu anayetoka Dubai, siku ya kuunganisha mashine haiwaki, anakimbia kwa fundi wa kwanza anayemuona na anaambiwa bodi kwisha, leta nyingine. Na kule dukani si unajua, mali ikishauzwa hairudi. Inaniuma sana hii, kwa sababu mara nyingi hakuna kilichoungua.

Safari hii ilikuwa ni mpwa wangu kule Bombo. Yeye anaedit video za harusi na kwanjula, zile sherehe za Kiganda za utambulisho kabla ya ndoa, laptop ilikuwa imemshinda, akajipanga mpaka akapata prosesa ya Ryzen 5 5600, madabodi ya B450 iliyotumika, ramu mbili za giga 8, kadi ya grafiki, SSD, pawa saplai na keesi ya mtumba. Jirani yake ndo alimuunganishia. Ukibonyeza swichi feni zinaanza kuzunguka, taa zinamulika, halafu pu, kimya, na ukibonyeza tena haijibu kitu mpaka uchomoe waya ukutani usubiri kidogo ndo inafanya vile vile. Akanipigia, "Mjomba, fundi wa hapa anasema bodi imekufa, anataka kuibadilisha, nimuachie?" Nikamwambia asiache kitu kwa mtu, anisubiri, nikapanda teksi za Bombo na mkoba wangu wa vifaa.

Hiyo tabia ya kukataa mpaka uchomoe ukutani ni habari muhimu sana, wengi wanaipita tu. Pawa saplai nzuri ina ulinzi ndani yake, ikihisi umeme unapita mahali haufai kupita inajifunga, kama mtu anavyorudisha mkono akigusa sufuria la moto, na haifunguki mpaka ikatwe stima kabisa. Kwa hiyo kabla hujalaumu madabodi jiulize, pawa saplai imeogopa nini?

Kwanza nikaipima yenyewe peke yake. Unachomoa waya zake zote kwenye kompyuta, kwenye ile plagi kubwa ya pini 24 unaunganisha pini ya 16 na pini yoyote ya graundi kwa kipande cha waya, feni yake ikizunguka basi angalau inaamka. Zamani ilikuwa rahisi, waya ya kijani na nyeusi, sa hizi nyingi waya zote ni nyeusi so inabidi uhesabu pini taratibu na uhesabu tena. Halafu multimita, kile kipimo cha umeme, upande wa volti 12 isomeke kati ya 11.4 na 12.6. Yake ilisoma vizuri. Hii haimaanishi itabeba mzigo wote, ila sasa najua siyo mzoga. Na nyie mnaonunua pawa saplai za zamani zilizotoka Marekani, angalieni kile kiswichi chekundu cha nyuma kama kipo, kikiwa kwenye 115 na huku kwetu ukutani ni 240 utasikia mlipuko na moshi, kiweke 230 kabla hujachomeka chochote.

Halafu nikatoa kila kitu. Hapa ndo watu wengi hawana subira, wanabadilisha ramu, wanarudisha, wanabonyeza bonyeza swichi, wakati mashine imejaa waya na huwezi kujua nani anamkosea nani. Mi natoa madabodi yote, naiweka juu ya boksi lake la karatasi mezani, nabakiza prosesa na kipoza chake, ramu moja tu, kadi ya grafiki kwa sababu hii 5600 haina grafiki ndani yake, na waya mbili za umeme, ile ya pini 24 na ile ya prosesa ya pini 8 kule juu kwenye kona ambayo watu huisahau. Swichi ya keesi siitumii, nagusanisha zile pini mbili za PWR kwa ncha ya bisibisi sekunde moja.

Feni zikazunguka na hazikusimama. Mpwa wangu akaruka, nikamwambia tulia bado, kwanza tuone ndani ya keesi kuna nini.

Tukaigeuza bodi. Nyuma yake, karibu na ukingo, kulikuwa na alama ndogo ya mviringo inayong'aa, rangi imekwaruzwa kidogo juu ya nukta za lehemu. Tukaangalia kwenye keesi, pale pale usawa wa ile alama kulikuwa na kinguzo cha shaba kimesimama, ni vile vinguzo ambavyo skrubu za madabodi zinaingia. Keesi ilikuwa ya mtu mwingine, ilibeba bodi kubwa zaidi, na hii bodi fupi haina tundu pale, so ile shaba ilikuwa inasukuma nyuma ya bodi na kupeleka umeme moja kwa moja kwenye chuma cha keesi. Basi. Nikakifungua kwa koleo nikampa mkononi akione. Ukinunua keesi ya mtumba, au hata mpya, weka bodi juu kwanza bila skrubu, chungulia kwenye kila tundu kama kuna kinguzo, halafu hesabu vinguzo, vikizidi matundu kuna kimoja kitakuletea balaa.

Lakini kioo kilikuwa bado cheusi. Waya ya HDMI ilikuwa kwenye kadi ya grafiki siyo kwenye madabodi, hilo lilikuwa sawa. Kwenye bodi nyingi sa hizi kuna vitaa vidogo vinne vimeandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, vinapita kimoja kimoja na kile kinachobaki kinawaka ndo kinakuonyesha bodi imekwama wapi. Cha kwetu kilibaki kwenye CPU. Hapo fundi wa haraka atakwambia prosesa imekufa. Nikatoa kipoza, na hizi za soketi ya AM4 kama ya bodi hii unazungusha kwanza taratibu kulia kushoto mpaka ile pesti ya kupitisha joto iachie ndo unainua, ukivuta tu juu kwa nguvu prosesa inaweza kutoka nayo kwenye soketi na pini zikapinda. Nikamulika tochi ya simu mstari kwa mstari, pini zote zimenyooka.

Sasa fikiria, B450 ilitoka 2018, Ryzen 5 5600 ilitoka Aprili 2022. Soketi ni ile ile, inaingia vizuri kabisa, lakini bayosi, ile programu ndogo iliyo ndani ya bodi inayoiamsha kompyuta, kama haijawahi kusasishwa haiijui hiyo prosesa, inaiangalia tu kama mgeni asiye na kitambulisho. Kwenye tovuti ya kampuni ya bodi yako kuna orodha ya prosesa na toleo la bayosi ambalo kila moja inahitaji, isome kabla hujanunua, jamani isome.

Bahati bodi yake ilikuwa na kile kibatani cha nyuma cha kusasisha bayosi bila kuhitaji prosesa kufanya kazi. Tukadownload faili kwa data ya simu, flashi tukaifomati FAT32, faili tukaibadilisha jina kama maelekezo ya bodi yanavyosema, tukaichomeka kwenye ile USB iliyowekwa alama. Stima ya pale ilikuwa inakuja na kuondoka tangu asubuhi so sikukubali kutumia ya ukutani, tulichomeka kwenye invata ya sola ya baba yake, manake umeme ukikatika katikati ya kuandika bayosi unajitafutia kesi nyingine. Ukibonyeza kile kibatani taa inamulika dakika kadhaa, usiguse kitu, usiamke hata kutikisa meza.

Iliposimama tukawasha. Ikawaka, ikazima, ikawaka tena, na hapo usiogope, inajifunza ramu, iache. Halafu kioo kikatoa maandishi kuhusu fTPM, ile sehemu ya prosesa inayotunza funguo za siri, kwamba prosesa ni mpya, ubonyeze Y au N. Y inafuta funguo za zamani, na SSD yetu ilikuwa tupu tukabonyeza Y, ila kama diski yako ina Windows iliyofungwa na BitLocker, lile kufuli la Windows, tafuta kwanza ile funguo ya kurudishia.

Ramu ya pili tukaiweka, zote mbili kwenye nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwa prosesa. Bayosi ilikuwa inazisoma 2133 wakati zimeandikwa 3200, tukawasha ile profaili ya XMP, mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya ramu zenyewe, zikapanda. Windows ikaingia bila shida na jioni hiyo hiyo alikuwa ameshafungua mradi wa kwanjula ya Luweero ambao mteja alikuwa anamsumbua.

Kilichobaki ni betri ya CR2032 ya kwenye bodi, ukichomoa mashine ukutani saa inarudi nyuma na ile XMP inapotea, kwa hiyo nimemwambia anunue nyingine, na mpaka aipate asichomoe.