Nilivyochomoa picha za mnato kwenye video, Mwaka Kogwa Makunduchi

Mi kila mwezi wa saba nakwenda Makunduchi, Zanzibar, kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, na kamera ya picha, na kila mwaka watu wakianza kuchapana kwa migomba napitwa, nabonyeza mgomba ushashuka zamani, nikija kutazama naona watu wamesimama tu wanaangaliana. Inauma sana maana hadi mwakani tena! Basi mwaka jana nikabeba kamera ya video peke yake nikasema ntarekodi 4K, video ya ukali mkubwa, fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, nikirudi nyumbani nachagua.

Bahati nilijaribu kwanza uani, watoto wanaruka kamba. Video ikicheza safi kabisa, ukiisimamisha mikono yote ukungu mtupu. Kumbe shata, yaani muda kila fremu inapokea mwanga, ilikua 1/50 ya sekunde kama wapiga video wanavofundishana, na hiyo ndo inafanya video iteleze vizuri ila fremu moja moja haifai kitu. Nikapandisha mpaka 1/1000, mikono ikaganda. Sasa ujue video yenyewe hapo inakua inadundadunda kwahiyo amua mapema unataka nini, mi nilitaka picha.

Makunduchi jua lipo la kutosha, 1/1000 haikunisumbua. Kilichonitesa ni kadi ya kuhifadhia video, kamera yangu kwa 4K inakula kama GB 45 kwa saa, ikabidi nisubiri vijana wakusanyike ndo nawasha. Lakini kile kibanda cha makuti kinachochomwa kwenye sherehe kilipotiwa moto na yule wa ndani akachomoka mbio, nimempata mguu hewani na moto nyuma yake, picha niliyoitafuta miaka!

Nyumbani nikafungua VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, unabonyeza E inasogea fremu moja moja, ukiipenda Shift na S inajihifadhi. Fremu ya 4K ni kama megapikseli 8, niliisafisha inchi 12 kwa 7 ikatoka kali kabisa, ila usiikate kate sana. Ya Full HD, video ya ukali mdogo kuliko 4K, ni megapikseli 2 tu, hiyo ya kutumiana kwenye simu. Na zipo fremu mgomba umepinda kama upinde, kihisi cha kamera, kile kinachopokea mwanga, kinasoma picha kutoka juu kwenda chini, kikimaliza mgomba ushasogea.

Usiku kwenye taarabu ndani ya ukumbi 1/1000 ikaleta mistari myeusi, umeme wetu ni wa hezi 50 na taa zinapepesa. Nikashusha 1/100 mistari ikaondoka, muimbaji akatoka vizuri, waliokua wanacheza ukungu tena. Kwa usiku bado nachukua kamera yangu ya zamani na flashi.